Ufa wa kale chini ya bahari ya Lamu: Jinsi mabamba ya dunia yanavyoteleza na kuzua matetemeko

USIKU wa kuamkia Jumapili, Desemba 26, 2004, wakati wakazi wengi wa Lamu walipokuwa wangali usingizini, sakafu ya bahari ilipasuka upande wa pili wa Bahari ya Hindi, karibu na kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia. Saa za Kenya zilikuwa saa tisa na dakika 58 usiku. Mwezi ulikuwa mpevu, na maji ya bamvua yalikuwa yakijaa katika pwani yote ya Waswahili kama ilivyo ada. Baina ya Lamu na mahali ardhi ilipopasuka pana zaidi ya kilomita 6,000.

Mchana wa siku hiyo hiyo, baada ya saa sita, bahari ya Lamu ilianza kupanda na kushuka pasipo wakati wake. Kifaa cha kupimia kujaa na kupwa kwa maji kilichowekwa Lamu kiliandika mabadiliko hayo. Mtu anayeishi kando ya bahari hujua maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi kama anavyojua nyakati za sala. Siku hiyo hesabu hizo hazikufuatwa.

Nchini Kenya alipoteza maisha mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Lakini Somalia, nchi ambayo mpaka wake hauko mbali na Kiwayu na Kiunga, ilipoteza watu karibu 300, wengi wao katika rasi ya Hafun na vijiji vya jirani. Ukijumlisha nchi zote zilizopakana na bahari hii, waliokufa walipita 220,000.

Tangu wakati huo, swali moja limekuwa likiulizwa mara kwa mara katika mabaraza ya pwani: je, ardhi iliyo chini ya Lamu ni salama? Kujibu swali hilo yapasa kwanza kueleza tetemeko la ardhi ni kitu gani. Na kueleza hilo, Lamu ina mfano wake yenyewe, ufa mkubwa na wa kale sana uliolala chini ya bahari, ambao wakazi wengi wa visiwa hivi hawajawahi kuusikia.

Dunia si pande moja

Ganda la nje la dunia, pamoja na tabaka la juu la mwamba ulio chini yake, limegawanyika vipande vipande. Wanajiolojia huviita vipande hivyo mabamba. Yapo makubwa yapatayo saba, na mengine mengi madogo. Kwa wastani bamba moja lina unene wa kilomita 100 hivi. Chini yake mwamba una joto kali hata umelegea. Haujayeyuka kuwa uji, kama wengi wanavyodhani, bali hujongea polepole mno mithili ya lami iliyoachwa juani, na mabamba husogea juu yake.

Mwendo huo ni wa sentimita chache kwa mwaka. Kucha za vidole vyako, msomaji, hukua kwa kasi kama hiyo.

Lamu na pwani yote ya Kenya imekaa juu ya bamba la Somalia. Sehemu kubwa ya Afrika iko juu ya bamba la Nubia. Mabamba haya mawili yanaachana, na mahali yanapoachania pamepewa jina linalosema ukweli wote: Bonde la Ufa. Katika nchi yetu kasi ya kuachana kwao ni milimita chache tu kwa mwaka. Machi 2018, mvua kubwa ilipofumua shimo refu karibu na Mai Mahiu na kukata barabara, habari zilienea ulimwenguni kuwa Afrika inakatika vipande viwili. Wanajiolojia wengi walieleza kuwa maji ya mvua ndiyo yaliyosomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza nyufa za zamani. Afrika inapasuka, naam, lakini kwa kasi hiyo ya milimita chache mtu akiishi miaka 100 atakuwa ameshuhudia nafasi ya futi moja hivi. Hata hivyo mkazi wa Lamu, ambaye tayari anaishi kisiwani, hana sababu ya kuogopa kugeuzwa mtu wa kisiwani.

Mabamba hukutana kwa namna tatu. Huachana, kama katika Bonde la Ufa. Hugongana, moja likazama chini ya jenzake, kama kule Sumatra. Au hupitana ubavu kwa ubavu, yakisuguana. Namna hii ya tatu ndiyo iliyoacha alama yake mbele ya Lamu.

Madagascar ilipokuwa jirani

Zamani za kale, kabla ya kuwapo binadamu wala mti wa mnazi, hapakuwa na Bahari ya Hindi. Afrika, India, Antaktika, Australia, Amerika ya Kusini na Madagascar zilikuwa zimeshikana katika bara moja kubwa ambalo wataalamu huliita Gondwana. Kisiwa cha Madagascar, ambacho leo kiko mbali huko kusini, kilikuwa kimeegemea ubavu wa Afrika mkabala wa pwani ya leo ya Kenya na Somalia. Mtu angeweza kutoka mahali palipo Lamu sasa akaenda Madagascar kwa miguu.

Miaka kati ya milioni 180 na 165 iliyopita, bara hilo lilianza kupasuka upande huu. Madagascar, ikiwa bado imegandamana na India, iliachana na Afrika. Lakini baada ya mwanya kufunguka haikuondoka moja kwa moja kuelekea mashariki, kama chombo kiachavyo gati na kushika njia ya bahari kuu. Ilijivuta kuelekea kusini, ikiusugua ubavu wa bara, mwaka baada ya mwaka, kwa mamilioni ya miaka. Ilipokuja kutulia, takriban miaka milioni 120 iliyopita, ilikuwa imesafiri zaidi ya kilomita 1,000.

Kovu la safari hiyo liko bado. Katika mlango wa bahari wa Msumbiji kuna mgongo wa mwamba unaopita chini ya maji kutoka kusini kwenda kaskazini, nao hujulikana kwa jina la mgongo wa Davie. Wataalamu bado wanabishana kuhusu mstari kamili ambao msuguano ule uliufuata kaskazini, katika bahari ya Tanzania na Kenya, kwa sababu huko umefunikwa na mashapo mazito. Hawabishani kuhusu jambo lenyewe: Madagascar iliteleza, na ukingo wa Afrika ukabaki na nyufa.

Mito, na hasa Mto Tana na mababu zake, imekuwa ikimimina mchanga na udongo juu ya nyufa hizo tangu wakati huo. Beseni la Lamu, kama wanajiolojia wanavyoliita eneo hilo la nchi kavu na bahari, limejazwa mashapo ambayo katika sehemu fulani yana kina cha zaidi ya kilomita 10. Ndiyo sababu kampuni za mafuta hazichoki kurudi. Mashapo yanayozikwa kina kirefu hupikika na kutoa mafuta au gesi, nazo nyufa za zamani huweza kuizuia gesi isipande juu. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa, kilichochimbwa baharini, kilikuta gesi, ingawa si ya kiasi cha kuleta biashara.

Jahazi na kamba

Sasa ni kwa nini kuteleza kwa mabamba, tena kwa kasi ya ukucha, kuzue tetemeko la kubomoa miji? Mbona lisiteleze taratibu, kila siku kidogo kidogo, bila kumsumbua mtu?

Aliyewahi kuona jahazi likivutwa kupandishwa pwani, kwa mfano kule Matondoni ambako ufundi wa kuunda vyombo ungali hai, amekwisha kuliona jibu. Wanaume hushika kamba, huitikiana, huvuta. Kwa muda chombo hakitikisiki. Mkuku umekwama mchangani, na kamba inazidi kukaza, inarefuka, inalia. Wanavuta tena. Ghafla jahazi hukurupuka na kusonga hatua kadhaa kwa mkupuo mmoja, hata baadhi ya wavutaji wakaanguka chali. Kisha hukwama tena, na kazi huanza upya.

Nguvu iliyolisogeza jahazi haikuzaliwa dakika ile. Ilikuwa ikihifadhiwa ndani ya kamba tangu mvuto wa kwanza. Mwamba nao ndivyo ulivyo. Mabamba husukumwa daima, lakini kwenye ufa yanakokutana pande mbili hushikana kwa sababu ya msuguano. Mwamba ulio kandokando ya ufa hupinda kidogo kidogo bila kuvunjika, ukiweka akiba ya nguvu. Inaweza kuwa miaka 50, inaweza kuwa 500. Siku msuguano unaposhindwa, pande mbili huruka kila moja upande wake, mwamba uliopinda hunyooka, na akiba yote hutoka kwa sekunde chache kama mitikisiko inayosafiri kila upande. Hilo ndilo tetemeko.

Maelezo haya yalitokana na msiba. Aprili 18, 1906, mji wa San Francisco nchini Marekani ulibomolewa na tetemeko kisha ukateketezwa na moto. Wachunguzi walipozuru mashamba yaliyopitiwa na ufa wa San Andreas waliona nyua zilizokuwa zimenyooka kabla ya siku hiyo zimekatika katikati, kipande kimoja kikiwa kimesogea mita kadhaa kutoka kwa kingine, na mahali pengine hadi mita 6 hivi. Mwanasayansi Harry Fielding Reid alilinganisha vipimo vya ardhi vya kabla na baada ya tukio, na mwaka 1910 akachapisha hoja ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa elimu hii.

Methali yetu kuhusu kuziba ufa ili usije ukajenga ukuta haina kazi hapa. Ufa wa ardhi haufai kuzibwa, na ukijiziba ndipo unapokuwa wa hatari, kwa kuwa uliokwama ndio unaoweka akiba.

Ukubwa wa tetemeko hupimwa kwa nambari zinazowapotosha wengi. Kutoka 6 hadi 7 si kuongeza moja, bali ni kuzidisha nguvu mara 32 hivi. Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, ambalo liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Lile la Sumatra lilikuwa la 9.1. Nguvu iliyotoka Sumatra iliizidi ya Bukoba zaidi ya mara 60,000. Kwa upande wa Kenya, kubwa linalojulikana ni la Subukia la Januari 6, 1928, lenye ukubwa wa 6.9, ambalo liliipasua ardhi juujuu kwa makumi ya kilomita. Lingetokea leo, huku Nakuru na vitongoji vyake vikiwa vimejaa majengo ya ghorofa, hesabu ya hasara ingekuwa nyingine kabisa.

Je, ufa wa Lamu utaamka?

Turejee sasa kwenye swali la barazani. Mbele ya Lamu hakuna mabamba yanayosuguana leo. Madagascar imetia nanga, na ufa ulioichukua umekwisha kuzikwa. Akiba ya nguvu haiwekwi pasipo mvuto, na mvuto ule ulikoma zama za mijusi wakubwa. Ndiyo maana Lamu haitajwi miongoni mwa maeneo ya Kenya yanayosumbuliwa na matetemeko, tofauti na Magadi au Bonde la Ufa kwa jumla.

Hata hivyo ufa wa kale ni kama mkunjo wa karatasi. Karatasi ikisukumwa upya, hukunjika palipokunjwa kwanza. Huko kusini, katika bahari ya Msumbiji na kusini mwa Tanzania, kupanuka kwa Bonde la Ufa kumeingia baharini na kuanza kuzifungua upya baadhi ya nyufa za zamani, na matetemeko hutokea. Agosti 12, 2020, baada ya saa mbili usiku, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Watu wa Dar es Salaam na Zanzibar walitoka majumbani mwao, na mtikisiko ulihisiwa hadi Mombasa. Hakukuwa na mawimbi ya kudhuru.

Mtikisiko wa namna hiyo ukikaribia Lamu, nyumba za kutazamwa kwanza ni zile zile zilizoupatia Mji wa Kale heshima ya kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa hubeba uzito vyema sana, lakini hazipendi kusukwasukwa kutoka ubavuni. Boriti za mikoko zinazobeba dari zina unyumbufu wake, na vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa sababu boriti haina urefu wa kuvuka chumba kipana. Kuta ambazo chokaa yake imeliwa na chumvi na unyevu ndizo dhaifu kuliko zote. Kuzitengeneza ni jambo lenye faida hata ikiwa ardhi haitatikisika kamwe.

Kwa kifupi, ardhi ya Lamu ni tulivu. Hatari yake iko baharini, tena mbali.

Kuteleza kubaya na kuteleza kwa afadhali

Si kila tetemeko la chini ya bahari huzaa tsunami, na tofauti inatokana na jinsi mabamba yalivyokutana. Kule Sumatra mwaka 2004, bamba linalobeba sakafu ya bahari lilikuwa likizama chini ya jenzake. Ufa ulipofyatuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, sakafu ya bahari iliinuka kwa mita kadhaa na kuyanyanyua maji yote yaliyokuwa juu yake, kuanzia chini hadi juu. Maji yaliyonyanyuliwa hayana budi kushuka, na yakishuka husambaa. Katika bahari yenye kina cha kilomita 4, wimbi hilo huenda kwa zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria, lakini urefu wake hauzidi mita moja hivi. Nahodha aliyeko bahari kuu hupita juu yake asijue. Linapofika kwenye maji machache, mwendo hupungua, maji ya nyuma huyasukuma ya mbele, na wimbi huinuka.

Sasa linganisha na Aprili 11, 2012. Siku hiyo matetemeko mawili, la ukubwa wa 8.6 na la 8.2, yalitokea katika bahari hiyo hiyo magharibi mwa Sumatra. Tahadhari ilitolewa katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi na watu wakakimbia fukwe. Bahari haikufanya kitu cha maana. Sababu ni kwamba safari hii mwamba uliteleza ubavu kwa ubavu, kama Madagascar ilivyoteleza, bila kuinua sakafu. Ukitelezesha sinia chini ya bakuli la uji, uji haumwagiki kama unapolipiga bakuli kutoka chini.

Lakini mtu asije akaifanya hiyo kanuni. Ufa wa kuteleza ukipita nchi kavu chini ya miji, huua vibaya, kama walivyoona watu wa Uturuki na Syria Februari 6, 2023, walipofariki zaidi ya watu 50,000. Na huko Palu, Indonesia, Septemba 28, 2018, ufa wa aina hiyo hiyo uliandamana na maporomoko ya ardhi, na mawimbi yakaingia mjini kwa dakika chache.

Mbona Lamu iliponea chupuchupu mwaka 2004? Kwanza ni umbali. Pili ni mwelekeo: nguvu za tsunami huenda zaidi upande unaokabili urefu wa ufa, na ufa wa Sumatra ulikuwa umelala kutoka kusini kwenda kaskazini. Sri Lanka na Maldives zilipokea kipigo cha mbele, na Hafun, rasi iliyochomoza baharini, ikakinga kifua. Tatu ni saa. Siku za mwezi mpevu maji ya bamvua katika pwani yetu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Mawimbi yalipofika mchana, bahari ilikuwa bado haijajaa. Yangefika saa tatu au nne baadaye, yangepanda juu ya maji ya bamvua, na ukuta wa gati ya Lamu ungekuwa na habari nyingine ya kusimulia.

Njia ya kaskazi

Kuna ufa mwingine ambao kwa maoni ya mwandishi huyu unastahili kujulikana zaidi Lamu kuliko ule wa Sumatra. Huo uko mbele ya pwani ya Makran, upande wa kusini wa Iran na Pakistan, ambako bamba la Arabuni huzama chini ya Asia. Wazee wa visiwa hivi wanaijua njia hiyo kwa jina lingine, maana ni kule kule yalikotoka majahazi yaliyoletwa na pepo za kaskazi. Kutoka Makran hadi Lamu hapafiki kilomita 4,000.

Novemba 28, 1945, ufa huo ulifyatuka kwa tetemeko la ukubwa wa 8.1. Mawimbi yaliangamiza vijiji vya pwani ambayo leo ni ya Pakistan, yakafika Oman na Mumbai, na hata Ushelisheli yalionekana. Kati ya Sumatra na Lamu wimbi lilichukua takriban saa nane au tisa. Kutoka Makran muda huo ungepungua na kuwa saa tano au sita hivi.

Mwaka 2004 Bahari ya Hindi haikuwa na utaratibu wowote wa pamoja wa kutoa onyo. Kenya ilibahatika kwa kuwa habari kutoka Asia zilitangulia mawimbi, na maafisa wakawaondoa watu katika fukwe. Tangu 2011 kuna mfumo ambao vituo vya Australia, India na Indonesia hupima matetemeko na mabadiliko ya kina cha bahari, kisha kupeleka taarifa kwa nchi zote. Kwa Kenya, taarifa hizo hupokewa na Idara ya Hali ya Hewa. Ugumu uliobaki ni wa mwisho wa safari: kutoka ofisi ya Nairobi hadi kwa mama anayeokota pweza kwenye mwamba wa Kizingitini, au mpagazi anayeshusha mzigo gatini. Vipaza sauti vya misikiti, ambavyo haviko mbali na mtu yeyote katika miji ya Lamu, Siyu au Faza, vingefaa kuandaliwa kwa kazi hiyo. Huenda vikawa vya haraka kuliko simu.

Visiwa hivi ni tambarare. Mji wa Lamu umejikinga nyuma ya kisiwa cha Manda, hautazamani na bahari kuu ana kwa ana, na hilo ni jambo la heri. Mikoko ya Lamu, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, pamoja na miamba ya matumbawe, hupunguza nguvu za maji. Lakini vichochoro ambamo punda wawili hupishana kwa shida havihitaji kujaribiwa siku ya mbio kwa mara ya kwanza.

Mahali pa juu pa kukimbilia kwa upande wa kusini ni vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo pia huhifadhi maji matamu yanywewayo mjini. Katika visiwa vya Maldives mwaka 2004, maji ya chumvi yaliharibu visima hata walionusurika wakakosa maji ya kunywa. Kila shehena ya mchanga inayochotwa Shela kwa ajili ya ujenzi hupunguza kilima na kisima kwa pamoja.

Kwa aliye ufukweni, ishara ni tatu: ardhi kutikisika kwa muda mrefu, bahari kupwa ghafla nje ya wakati wake na kuacha miamba na samaki wazi, au mngurumo mzito kutoka baharini. Mojawapo yatosha kumfanya mtu aondoke bila kungoja tangazo. Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na kati ya wimbi na wimbi huweza kupita nusu saa au zaidi, kiasi cha kumshawishi mtu kurudi kuokoa mali. Aliyeko baharini na mashua yake, akipata habari mapema, asikimbilie gatini wala kwenye mkondo wa Shela, ambako maji yatakuwa yakienda kasi mbele na nyuma. Apeleke chombo nje ya mwamba, kwenye kina kirefu, na akae huko kwa saa nyingi mpaka apate habari kutoka nchi kavu kwamba bahari imerejea katika hesabu yake.